Sharti la Kiti cha Dirishani

Uwanja wa Majaribio,
3 Februari

Kaka Sindano,

Nimefika salama. Mwambie mama nimefika salama, halafu mwambie tena, maana najua mara ya kwanza hatakuamini. Shikamoo yangu umpe ikiwa bado ya moto.

Hapa simu zetu zinakusanywa getini kila asubuhi. Wanaogopa tutapiga picha mabasi ambayo bado hayajatoka. Jioni tunarudishiwa tukiwa hoi, na mtandao wenyewe wa kubahatisha. Kwa hiyo mtanivumilia na barua zangu. Mama najua atafurahi. Si ndiye anayesema simu ikikatika huna cha kushika?

Siku ile naondoka uliniuliza mbele ya watu, "Hivi wewe hasa unatengeneza nini?" nikababaika, nikaona aibu. Jibu ni hili: sitengenezi kitu. Naandika sentensi. Ndani ya basi la siku hizi kuna kompyuta ndogo inayotawala breki. Kabla haijakabidhiwa roho za watu lazima ijaribiwe, na kabla haijajaribiwa lazima mtu aandike inatakiwa ifanye nini, tena aandike kwa namna ambayo watu wawili wakisoma hawagombani. Sentensi ya namna hiyo tunaiita sharti. Yangu kubwa ni hii: "Ikiwa dereva ameinuka kitini na gari limesimama mlimani, basi breki lazima ijifunge yenyewe ndani ya sekunde moja." Chini ya kiti tumeficha kipima uzito. Uzito ukiondoka, kompyuta inajua dereva kaondoka.

Kwa nini nililililia basi hili unajua. Yule dereva alishuka kunywa maji tu. Baba alikuwa nyuma ya basi anafunga mizigo, hakusikia likianza kurudi.

Kuna maneno hapa ni haramu. Siku ya kwanza niliandika "breki ijifunge haraka." Mkuu wetu, tunamwita Mzee Muda-Gani kwa sababu hilo ndilo swali lake, akavua miwani akanitazama: "Haraka ya nani, binti? Ya sungura au ya kobe?" Basi "haraka" imekufa, na "vizuri", na "kawaida", na "kama inavyofaa". Lisiloandikwa halijaribiwi. Karibu masharti yote yanaanza na "ikiwa". Yapo machache yasiyo na "ikiwa", hayo ni ya wakati wote, mvua au jua, na Mzee anasema ndiyo magumu kuliko yote kwa sababu hayana pa kujifichia.

Sasa sikiliza. Mama akipiga simu anasema hajambo. Wewe ukipiga unasema hajambo. Alipofanyiwa upasuaji mlisema hajambo, nikaja kumkuta na mipira puani. Safari hii sitaki hajambo. Nimewaandikia sharti, na ninalitia sahihi:

Ikiwa siku yoyote mama ameshindwa kutoka kitandani na kuketi kwenye kiti chake cha dirishani, basi kaka lazima apige simu getini siku hiyo hiyo, nami lazima nipande gari siku hiyo hiyo.

Namba ya getini iko nyuma ya bahasha. Mkataba wangu unakwisha majaribio yakisainiwa, mwisho wa Mei, na anayetoka katikati nafasi yake hupewa mwingine. Sijali. Ukipiga, natoka.

Mdogo wako,
Bi Maswali


Nyumbani,
14 Februari

Bi Maswali, mhandisi wa sentensi,

Barua imefika na nimemsomea mama mezani, kama kawaida. (Samahani, "kawaida" imekufa. Kama ilivyokuwa tangu enzi za baba.) Usisahau sheria ya nyumba hii: inayoingia inasomwa kwa sauti, na inayotoka haifungwi bahasha kabla yeye hajasikia kilichomo. Hata sasa ninavyoandika amenikazia macho.

Nilipofika kwenye sungura na kobe alicheka hadi akashika mshono. Nilipofika palipo na baba aligeuka akatazama barabara. Halafu nikafika kwenye lile sharti lako. Akasema, "Kwani mtoto huyu siku hizi hakimu?" Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Kuketi tu? Hakusema kupika wala kufagia?" Nikamwambia kuketi tu. "Basi sawa," akasema. "Kuketi si kazi. Kuna watu wamelipwa mishahara miaka yote kwa kuketi."

Anasema nikuandikie hivi, neno kwa neno: umalize hiyo breki. Yeye hataki kusikia umerudi nyumbani na kazi nusu kama mtu aliyeacha nguo kwenye beseni. Anataka siku moja asikie kwamba dereva kashuka kunywa maji na basi limekaa palepale lilipoachwa.

Daktari alimwona wiki iliyopita. Uvimbe haukuisha wote. Amempa dawa za maumivu na kumwambia apumzike. Mama amemjibu kwamba kupumzika atapumzika sana mbele ya safari. Unamjua.

Mimi nipo na cherehani yangu, nashona sare za shule, watoto wote wana mabega ya baba zao na wazazi wote wanataka nguo ya kukulia. Na leo mama ameketi kitini, tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, akawasema wapita njia wote mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo sharti limetimia.

Kaka yako,
Sindano


Uwanja wa Majaribio,
2 Machi

Kaka,

Barua yako nimeisoma kantini nikacheka peke yangu hadi wenzangu wakasogeza sahani. Jumapili niliongea na mama kwenye simu yako, sauti ilikuwa chini kidogo lakini alinigombeza sawasawa, nikajua yupo.

Tumeanza kupanda mlima. Usifikirie mlima wa kweli, ni kilima cha zege walichokijenga nyuma ya karakana. Dereva wetu wa majaribio ni mwanamama mmoja mnene, mcheshi, tunamwita Shangazi. Analipandisha basi, analisimamisha katikati ya mteremko, anainuka kitini, na mimi nimesimama pembeni nimeshika roho mkononi. Klaki! Breki inajifunga. Shangazi anapunga mkono dirishani kama malkia. Tunarudia basi likiwa tupu, likiwa limejaa, matairi makavu, matairi mabichi. Kila mara ile klaki. Ningekuwa na uwezo ningeifunga kwenye bahasha nimletee mama.

Mimi usiku nalala vizuri siku hizi, kaka. Kwa sababu ya lile sharti. Zamani simu ikikaa kimya nilikuwa nawaza mabaya. Sasa ikikaa kimya najua mama kaketi kitini kwake anasema watu. Nimekaa kulisoma tena, naona nililiandika vyema, halina tundu. Hata Mzee Muda-Gani asingeligusa.

Mwambie mama nimenunua koti. Jeusi. Najua angesema lingine, lakini ndilo lililokuwepo.

Bi Maswali


Nyumbani,
15 Machi

Mdogo wangu,

Koti jeusi amelikataa kabla hajaliona. Anasema utafanana na mwavuli.

Mabadiliko ya nyumbani: tumehamisha kitanda cha mama. Sasa kiko dirishani, kimegusana kabisa na kiti. Anasema kule ukutani kulikuwa na giza. Mimi na jirani tulikisukuma, mguu mmoja ukakwama kwenye mkeka, jirani akataka kuvunjika kiuno, mama akatuongoza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Nimembania gauni lake la kijani. Na lile la maua nimelibana mara ya pili. Anasema nikuambie amerudishiwa kiuno cha usichana na kwamba baba angekuwepo angeanza upya kumposa.

Leo ameketi kitini. Jana pia. Kila siku anaketi.

Nina swali la kifundi. Mama anasema ni la kipuuzi lakini ameniruhusu niliandike, kwa hiyo naliandika. Hivi sharti likishaandikwa haliongezwi? Mimi mteja akija akasema "nishonee suruali inifike kifundoni," namuuliza: ukiwa umesimama au umeketi? Umevaa viatu au hujavaa? Maana itafika kifundoni, ndiyo, na bado isikufae. Kwa mfano lile sharti lako la mama. Halikusema aketi kwa muda gani. Halikusema anaketije. Nauliza tu, wewe ndiye mtaalamu.

Ukipata nafasi ya kuja hata siku moja, si kwa sababu ya sharti, kwa sababu tu, njoo.

(Hilo la mwisho mama amesema nilifute. Nimemwambia wino haufutiki.)

Sindano


Uwanja wa Majaribio,
29 Machi

Kaka Sindano,

Wewe umeanza kuniingilia kazi! Leo suruali, kesho utataka meza ya Mzee Muda-Gani. Nimewasomea wenzangu hilo swali lako, wamelipenda. Jibu ni kwamba masharti yakishasainiwa hayaguswi. Ukianza kuyagusa kila mtu ataongeza lake na majaribio hayataisha hadi kiama. Limesainiwa, linajaribiwa kama lilivyo: limepita au limeanguka. La mama linapita kila siku, namshukuru Mungu.

Kuja siwezi sasa, na wewe unajua ningependa. Tumebakiza wiki chache. Majaribio yote ya mlimani yamepita, kaka, yote. Jana Mzee alinishika bega akasema, "Binti, baba yako angelala usingizi." Nilitoka nje nikalia nyuma ya karakana kwenye matairi mabovu. Usimwambie mama kwamba nililia. Loo, utamsomea tu. Basi mama, nililia kidogo, kwa furaha.

Kiuno cha usichana! Mwambie aniwekee gauni la kijani nitalivaa mimi.

Bi Maswali


Nyumbani,
12 Aprili

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Leo ameketi kitini. Sharti limetimia kama lilivyoandikwa.

Sindano


Uwanja wa Majaribio,
20 Aprili

Kaka,

Barua gani ile? Karani wa mahakama angeandika ndefu zaidi. Najua ni msimu wa sare, nimekusamehe.

Mimi nina mkasa. Mketi, wewe na mama, muusikie.

Juzi asubuhi walikuwa wanajaribu viti, si kazi yangu, kazi ya meza nyingine. Wao hutumia mfuko wa mchanga, mzito kama mtu, wanaubwaga kitini kuona kama springi zinahimili. Walipomaliza wakausahau, kumbe hawakuuacha kwenye kiti cha abiria, waliuacha juu ya kiti cha dereva, umeegemezwa kwenye mgongo wa kiti, kiti chenyewe kipana. Akaja Shangazi, akakaa mbele yake, akaona kaegemea kitu lakini akadhani ni mto. Akapandisha basi mlimani, akalisimamisha, akashuka kuninong'oneza jambo. Mfuko ukabaki umeketi kitini.

Nikasubiri klaki. Kimya. Basi likaanza kurudi nyuma polepole, bila mtu. Shangazi na mwili wake wote akatimua mbio kulifukuza akipiga kelele "Simama we! Simama we!" kama anafukuza mbuzi. Likaenda kugonga ukuta wa matairi, halikuumiza mtu. Watu walicheka hadi machozi. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye zege.

Unaelewa kilichotokea? Kompyuta haina kosa. Tuliifungua tukaikagua usiku kucha. Ilifanya neno kwa neno nililoandika. Mimi nilitaka kujua kama dereva yupo na ana uwezo wa kuendesha. Nikaandika nipime kama kitini pana uzito. Kitini palikuwa na uzito tu, kaka. Dereva hakuwepo. Na majaribio yote yale yaliyopita, yalipita kwa sababu hakuna aliyejaribu kuweka kitini kitu kisichoweza kuendesha.

Mzee Muda-Gani hakunifokea. Aliniambia kitu kimoja: "Sharti likipita kila siku bila kuyumba, hapo ndipo uliogope." Maneno hayo yanazunguka kichwani tangu juzi, sijui kwa nini hayatoki.

Basi ndiyo hivyo. Mpe mama shikamoo. Mwambie breki yake bado kidogo.

Bi Maswali


Uwanja wa Majaribio,
11 Mei

Kaka,

Najua niliondoka bila kukuaga. Ningefungua mdomo pale mbele ya watu ningesema neno lisilorudi.

Ulipiga simu getini asubuhi, mlinzi akaja mbio hadi mlimani, nikatoka na ovaroli langu lile lile la kazini. Sikuuliza mtu ruhusa. Gari la kwanza likaharibika, nikapanda la mizigo. Njia nzima nilijiambia: leo ndiyo mara ya kwanza kushindwa kuketi, kaka amepiga siku hiyo hiyo, kwa hiyo nina muda. Nilikuwa na uhakika nina muda! Nikafika nikakuta viti vimepangwa nje ya mlango na wanawake wa mtaa wamejitanda.

Siku ya mazishi jirani akanishika mkono, masikini, alidhani najua. Akasema, "Mama yenu kapigana. Tangu Machi hajakanyaga chini kwa miguu yake." Tangu Machi! Na mimi nina barua zako hapa zimepangwa kitandani. Ameketi. Ameketi. Kila siku anaketi. Umeniandikia uongo na mkono wako, kaka, mkono ule ule ulionifundisha kuandika herufi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema atakayekosa kumwona ni mimi.

Sharti lilikuwa wazi. Lilikuwa mstari mmoja. Kwa nini hukulifuata?

Sijui kama nataka jibu.


Nyumbani,
20 Mei

Mdogo wangu,

Hii ni barua ya kwanza maishani mwangu ambayo sijamsomea mtu. Nimeimaliza sentensi hiyo nikageuka nyuma kumtazama mama.

Unaniita mwongo. Pokea ukweli, halafu unihukumu. Mama alitoka kitandani kila siku na aliketi kwenye kiti chake cha dirishani kila siku. Hakuna siku alikosa. Mimi ndiye niliyembeba. Ndiyo maana tulisogeza kitanda, ili safari iwe fupi. Nilimwinua, nikamkalisha, nikamzungushia mito, nikamshika bega asianguke mbele. Alikuwa anauma shuka ili nisimsikie, kana kwamba mimi kiziwi. Anatazama barabara kidogo, hata chai haijapoa, halafu ananiambia, "Tayari. Andika nimeketi." Nikimrudisha kitandani anatetemeka hadi mchana.

Nilimwambia, mama, hii dhambi. Akanijibu, "Ameandika kuketi. Nimeketi. Kama huamini soma sharti." Nilimwambia nitapiga simu. Akasema nikipiga simu kabla sharti halijavunjika, atakwambia mwenyewe kwa mdomo wake kwamba mimi mwongo, na utamwamini yeye. Na ungemwamini. Hata mimi ningemwamini.

Nikajaribu kukupenyezea. Lile swali la suruali nilikesha nalo. Nilimwomba mama nusu siku aniruhusu. Ulipojibu kwamba yakishasainiwa hayaguswi, nilimsomea. Akasema, "Si umesikia mwenyewe? Mtaalamu kasema." Baada ya hapo sikuwa na la kuandika. Ile barua fupi uliyoisema, ilinichukua siku nzima.

Usifikiri alikuwa hataki kukuona. Jioni barua zako alizilalia. Alitaka ile breki. Mama alikuwa na ndoto moja tu tangu baba afe, kwamba ile siku irudi nyuma, lile basi lisimame, na aliona wewe ndiye uliyelishika mkononi.

Ikaja ya mfuko wa mchanga. Nikasoma. Pale Shangazi wako anapofukuza basi, mama alicheka, kicheko chake kile cha zamani, nikacheka na mimi, tukacheka wote wawili kama wajinga. Nikaendelea. Akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia: kitini palikuwa na uzito tu, dereva hakuwepo. Akasema, "Mfuko ni mimi."

Halafu akalia, mdogo wangu. Sikuwahi kumwona akilia tangu mazishi ya baba. Akasema, "Tumemfanyia mtoto kama mfuko ulivyolifanyia lile dude la breki. Kesho usiniinue."

Asubuhi sikumwinua. Nikakupigia simu. Nikarudi nikamkuta amelala kitandani kwake, uso umelegea, hana tena cha kupigania. Alilala vizuri siku ile. Najua neno hilo limekufa kwenu, lakini mimi sina jingine. Kila mara aliuliza umefika wapi. Nikamwambia umevuka daraja, na nilikuwa sijui umevuka nini. Jua lilikuwa bado lipo dirishani alipoondoka. Neno la mwisho lililoeleweka alisema, "Asiendeshe haraka." Nikamwambia mama, dada haendeshi, kapanda. Sijui kama alisikia.

Sasa nihukumu. Kiti sijakiondoa.

Sindano


Uwanja wa Majaribio,
2 Juni

Kaka yangu,

Nimesoma barua yako kwenye matairi mabovu nyuma ya karakana. Nimeisoma kwa sauti. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa haki yake.

Sina wa kumhukumu. Ulimbeba mama kila siku, na mimi mbali huku najisifu kwamba sentensi yangu haina tundu. Nilikuandikia uongo wa kuketi mimi mwenyewe, nikakupa wewe uutie mkono. Nisamehe. Na yale ya mkono ulionifundisha herufi, yafute hata kama wino haufutiki.

Nafasi yangu hawakumpa mtu. Nilirudi nikakuta meza yangu kama ilivyokuwa, Mzee Muda-Gani ameifunika na kitambaa vumbi lisiingie. Nikamwambia nataka kuligusa lile sharti la kiti. Nilidhani atanikatalia. Akasema, "Liguse." Kumbe yanaguswa, kaka. Siku zote yalikuwa yanaguswa, unaomba tu. Mimi nilisema hayaguswi kwa sababu nilikuwa na haraka.

Sasa kompyuta haiulizi uzito peke yake. Inauliza pia kama mlango umefungwa, mkanda umefungwa, mikono iko kwenye usukani. Ikiwa na shaka hata moja, inafunga breki. Jana tuliweka ule mfuko kitini, kwa makusudi, katikati ya mlima. Shangazi akashuka. Akaenda kwenye bomba la maji kweli, akanywa kweli, sikumwambia chochote, yeye alikuwa na kiu tu. Klaki. Basi likakaa palepale lilipoachwa. Mzee akatia sahihi. Nikasema kwa sauti, mama, limekaa. Watu wakanitazama.

Mkataba umekwisha, wamenipa mwingine, na safari hii nimewaambia kabla ya kusaini kwamba nina sharti langu. Nakuandikia na wewe ulijue:

Dada atakuja nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Halina "ikiwa". Angalia mwenyewe. Mtu awe mgonjwa, awe mzima, aketi, asiketi. Nakuja Ijumaa, tuhamishe kitanda tukirudishe ukutani, kiti tukiache dirishani.

Yale yasiyo na "ikiwa" Mzee alisema ndiyo magumu, nikadhani anazungumzia magari. Mbona hili limeandikika kwa mstari mmoja tu? Ningeliandika hivi Februari, kaka, mama angelala tu.

Mdogo wako,
Bi Maswali